Chupa ya Tarehe Tisa

Saa kumi na nusu alfajiri. Radi imeshahamia majini,
ndiyo desturi yake: mchana inanguruma nchi kavu,
usiku inakwenda kuwasha taa katikati ya ziwa.
Natoka na tochi, khanga kichwani,
nakagua kopo la mvua nyuma ya zahanati ya Kayenze.
Milimita thelathini na moja, na mdudu mmoja.
Mdudu simwandiki.

Najaza kichupa mpaka shingoni, pasibaki hewa,
kwani hewa ni mlafi, huanza na maji mepesi.
Nakaza kifuniko, nazungusha utepe,
naandika: Kayenze, tarehe tisa, M. Luhende.

Huko kinakokwenda, mbali kuliko nauli yangu,
ipo mashine isiyouliza maji ni mengi kiasi gani.
Inauliza uzito.
Maana ndani ya kila pipa yamo maji mazito, machache,
haidrojeni yake imebeba mzigo mgongoni:
ya mwisho kupaa, ya kwanza kudondoka.
Jua linapochoma ziwa, mepesi yanaondoka,
mazito yanabaki kulinda nyumba.

Kagera, Mara, Simiyu, kelele zote zile za mito!
Katika kila matone kumi yaliyoingia humu
kama manane yamepitia mlango wa juu, mawinguni,
na karibu yote hurudi kwa mlango huohuo.
Naili hupewa ukoko.

Na uzito ule ndio ukoo.
Nyota nyingi zenye mkia, zilipopimwa,
maji yake yalikuwa mazito kuliko ya bahari zetu;
basi si wajomba, au si wao peke yao.
Kuna mawe yaliyoanguka kutoka angani,
makavu mkononi kama mawe ya Mabatini,
na ndani yake maji yamefungwa kimya.
Wataalamu bado wanavutana.
Sehemu fulani, wanasema, iliganda juu ya vumbi
kabla jua halijawaka.

"Kwa hiyo shangazi," anauliza Nyanzala, darasa la sita,
"tunaoga maji yaliyolizidi jua umri?"
Oga, nikamwambia. Umechelewa shule.

Dada yangu anaishi Igogo, juu mawe yanakobebana.
Bomba lake hukoroma siku tatu ndipo liteme.
Ziwa analiona lote, asubuhi na jioni,
kama sahani ya wali mezani kwa jirani.
Nilipomweleza kwamba mwezi mmoja wa Mshtarii
unadhaniwa kuficha bahari chini ya ganda la barafu,
nyingi kuliko bahari zetu zote,
aliniuliza ndoo moja huko ni shilingi ngapi.

Barafu huelea; hiyo ndiyo siri yote.
Nenda Kirumba, wanapopanga sangara,
angusha pande moja kwenye beseni: linapanda juu,
linakuwa paa, na chini yake maji hubaki maji.
Ingezama, bahari za kule zingeganda toka sakafuni.

Hata hili letu lilishawahi kukauka. Kabisa.
Walizamisha bomba kwenye tope, wakavuta miaka,
na chini, mahali pa samaki, wakakuta
udongo mgumu na alama za mizizi ya nyasi.
Siku ile sikula vizuri. Nilikaa Igombe
nikilitazama kama mtu aliyeambiwa
mumewe aliwahi kufa.

Mwezi wa tatu majibu yamerudi.
Kichupa cha tarehe tisa kimekataliwa:
kilifunguliwa, hewa imeingia, hakifai.
Nyanzala alikuwa akihesabu vidole vya miguu.
"Nilionja kidogo tu."
Kikoje?
"Kama mvua."

Kwenye jedwali, mbele ya tarehe tisa, nimechora kistari.
Sijaandika sababu.